Jua la Kigoma si la Osaka

Mhariri,

Ukurasa wenu wa sanaa umewashauri vijana wanaopenda picha za majengo ya zege ya Kijapani watafute kamera ya bei mbaya, kisha wasubiri macheo au machweo. La kamera tunaliacha, kila mtu na mfuko wake. La saa ndilo linalopoteza watu, hasa sisi wa huku magharibi.

Kuta za Tadao Ando, mbunifu majengo wa Kijapani, zimepangiwa jua la Osaka, karibu digrii 35 kaskazini ya ikweta. Desemba jua la adhuhuri kule hupanda kama digrii 32 tu, kwa hiyo mwanga hupita kwenye ufa mwembamba na kufika mbali ndani ya chumba. Kigoma tuko digrii 5 kusini. Jua letu la adhuhuri halishuki chini ya digrii 61 mwaka mzima, na kama tarehe 8 Machi na 5 Oktoba husimama utosini kabisa, jambo ambalo Osaka halitokei hata siku moja. Ukisubiri adhuhuri ya hapa ikuletee mwanga wa ubavuni, utakesha.

Halafu kuna saa yenyewe. Saa ya Tanzania hufuata longitudo ya 45 mashariki, nasi tuko karibu na 30. Jua la Kigoma hufika kileleni kati ya saa 6:45 na saa 7:15 mchana kutegemea mwezi. Dar es Salaam hututangulia kwa dakika 39 hivi, Tabora kwa 13. Ratiba ya mwanga iliyoandikwa Dar, ukiifuata hapa, unafika kabla ya wakati na kuondoka kabla picha haijaiva.

Zege tupu halina rangi ya kukusaidia. Umbo lake lote linatokana na kivuli. Ukuta wa Ando humwagwa kwenye paneli za plaiwudi za karibu sentimita 90 kwa 180, kipimo cha mkeka wa tatami, na kila paneli huacha matundu sita ya vyuma vilivyoshikilia fomu, yaani kalibu ya kumwagia zege. Jua likiupiga ukuta huo usoni, matundu na maungio hupotea. Likiuparaza, kila tundu linapata kivuli chake na ukuta unaonekana una uzito. Na hapo ndipo sisi tumebarikiwa. Katikati ya Septemba ukuta unaotazama kaskazini huparazwa kutwa nzima, asubuhi kwa ubavu na mchana kutoka juu. Katikati ya Oktoba zamu ni ya ukuta wa kusini. Nguzo ya gorofa ambalo halijaisha au tangi la maji ambalo halijapigwa lipu linatosha kujifunzia. Tatizo la miezi hiyo ni moshi na vumbi la mwisho wa kiangazi: milima ya Kongo haionekani, na kivuli kinakuwa hafifu. Mvua ya kwanza husafisha hewa, lakini ukuta uliolowa nusu hutoa madoa meusi yasiyofuata umbo lolote. Usubiri ukauke, au uupige ukiwa umelowa wote.

Ndani ya nyumba hesabu ni nyingine. Kanisa la Mwanga la Ando huko Ibaraki, Japani, lililokamilika 1989, lina ukuta uliokatwa msalaba, na zege lake lina unene wa sentimita 38. Ukisimama pembeni sana, unene huo unaufunika uwazi na unaona ubavu wa ufa tu. Ubavu huo ndio unaoupa mwanga daraja kati ya weupe na weusi, kwa hiyo usogee hatua moja moja mpaka ubavu huo uonekane kidogo. Pima eksposha, yaani kiasi cha mwanga ambacho kamera itapokea, juu ya ubavu huo, si juu ya ukuta. Ukipima ukuta wenye giza, kamera itafungua mno, ufa utaungua na ukungu mweupe utasambaa kulamba kingo zake. Weka kamera kwenye stendi, ISO 100 (wepesi wa kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), faili ghafi (RAW), kipima muda cha sekunde 2, na upige picha tatu zinazopishana stopu mbili mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili). Zote zipigwe ndani ya sekunde chache. Jua husogea robo digrii kwa dakika, na penye umbali wa mita 5 kutoka kwenye ufa doa la mwanga linahama zaidi ya sentimita 2 kila dakika. Ukichelewa, picha zikiunganishwa zitatoa ukingo mara mbili. Ukingo wa doa lenyewe, hata ukiwa na fokasi kali, hulainika kama sentimita 1 kwa kila mita kutoka kwenye ufa, kwa sababu jua si nukta. Usiilaumu lenzi.

Mwenye simu azime HDR, ile ya kuunganisha picha za mwanga tofauti, maana huinua vivuli vyote mpaka chumba kifanane na ofisi yenye taa za mirija. Abonyeze palipo na mwanga na kushikilia mpaka simu ifunge fokasi na mwanga, kisha ashushe mwanga. Asitumie lenzi pana ya 0.5: huvuta pembe za chumba, na matundu yale sita yaliyopangwa sawasawa yanageuka mayai. Kamera iwe sawa kwa timazi. Kosa la digrii 1 kwenye ukuta wa mita 5 ni karibu sentimita 9, na kwenye zege lenye mistari hata mtoto analiona. Dari likikatika, rudi nyuma badala ya kuinua kamera.

Rangi isiachiwe mashine. Kivulini weka kipimo cha rangi ya mwanga karibu Kelvin 6500, la sivyo zege linakuwa bluu. Hapa kwetu angalieni pia sehemu ya chini ya ukuta: udongo mwekundu wa nje hurudisha wekundu mpaka usawa wa magoti. Wengine huufuta kwenye kompyuta. Sisi tungeuacha, ndio unaosema jengo liko wapi.

Anayetaka kufuata jengo moja tu la Ando, tungemwelekeza kwenye nyumba ya Sumiyoshi, mjini Osaka, ya 1976 kabla ya makanisa. Mbele ni ukuta mtupu wenye mlango, na theluthi ya katikati ni uwazi usio na paa, kama ua wa nyumba nyingi za Ujiji. Mwanga unaotoka juu ndio tulio nao sisi, na darasa hilo halihitaji nauli. Ila stesheni na bandarini msianze bila ruhusa, mtanyang'anywa kadi ya kamera.

Ombi kwenu, Mhariri: chini ya kila picha ya jengo andikeni mwezi, saa na upande ukuta unakotazama. Na mwambieni mpangaji wa kurasa aongeze mwanga kidogo katika rangi za kati kabla ya kwenda mitamboni. Karatasi ya gazeti hunywa wino, na picha mlizochapisha mwishoni mwa wiki, zege lote limekuwa lami.

Wapigapicha za majengo,
Ujiji, Kigoma