Kaka, baiskeli yako ipo kwa fundi

Kaka, shikamoo.

Tangu nikutumie ile picha ya rimu umekuwa kimya, na Shangazi kila siku ananiuliza kama mwanawe ameshajibu. Basi nakueleza hapahapa mbele za watu, maana hapa hata ukinitukana utanitukana kwa adabu.

Ndiyo, niliichukua. Ulipoondoka kwenda Ghent, Ubelgiji, uliiacha imeegemea ukuta wa stoo, ukasema iwe inatembezwatembezwa isije ikala kutu. Nimeitembeza. Tatizo ni nilikoitembezea.

Na chanzo ni wewe. Nani alinitumia video za hao Wabelgiji? Watu wazima, mvua inawapiga, matope hadi puani, baiskeli ya mamilioni wameitia begani wanakimbia nayo mlimani. Saiklokrosi, ukaniambia. Mama yangu alitazama akauliza, "Sasa hapo nani kampanda mwenzake?" Tulicheka wiki nzima. Lakini vuli ilipoanza tulikuwa tumeshafika watu kumi na wanne, vijana wa Ngamiani na Chumbageni hapa Tanga wengi wetu, tunakutana Jumapili kwenye njia za mashamba ya mkonge upande wa Pongwe. Huko kwenu msimu unaanza Septemba na kuisha Februari. Wetu ni vuli tu. Udongo ukikauka, kila mtu anarudi kwake.

Mbio za mwisho zilikuwa Desemba, na sheria tulizishika kama ulivyonifundisha: mzunguko wa kilomita tatu hivi, hakuna kuhesabu umbali, ni dakika 40 halafu raundi ya kumalizia. Tukaweka vizuizi viwili vya miti ya mkonge, sentimita 40 kwenda juu, tukavipima kwa tepu ya seremala. Ile ya UCI, chama cha baiskeli cha dunia, ya tairi lisizidi milimita 33 ndiyo tuliyoitupa. Tanga hii, mji wa baiskeli za Phoenix zenye tairi la inchi moja na nusu, angebaki nani?

Mmoja wa hao wenye Phoenix ni yule muuza maziwa anayepita kwetu alfajiri. Alikuja na karia lake nyuma, madigadi tu ndiyo kayafungua. Nikamwona anachuchumaa, anatoa upepo kwenye matairi, anabonyeza kwa dole gumba mpaka linazama kidogo. Nikamuuliza vipi. "Nikipita huku na maziwa, tairi likiwa gumu namwaga," akasema, basi. Mimi yangu nilikuwa nimeyajaza hadi yanalia kama ngoma, utadhani naenda Pangani kwa lami.

Raundi ya kwanza nilikuwa wa nne, nikaanza kujiona. Ya pili, ule udongo mwekundu ukachanganyika na majani, ukajikaba kati ya tairi na breki, gurudumu likagoma kabisa kuzunguka. Nikachokonoa kwa kijiti. Hatua ishirini, limejikaba tena. Nikaitia begani, na ninakuapia ilikuwa na uzito wa kiroba cha sembe.

Kubeba, hata hivyo, siko kulikonimaliza. Ni kushuka. Mimi kila nikifika kwenye kizuizi nafunga breki, nasimama, nashuka kama bibi harusi, nainyanyua, navuka, kisha naanza kuitafuta pedeli kwa mguu. Muuza maziwa alikuwa anakifikia akiwa ameshashuka. Sikuona alishukaje. Ninachojua ni kwamba nilisikia tope likichapwa nyuma yangu, karia likapita ubavuni, na sauti ikasema "pole bwana". Alinipiga raundi nzima.

Uliwahi kuniambia bingwa wa kwanza wa dunia wa mchezo huu, Jean Robic, mwaka 1950, alikuwa ameshabeba Tour de France, zile mbio kuu za baiskeli za Ufaransa, za 1947. Huyu wetu kabeba madumu.

Raundi ya mwisho nikajitia kumwiga. Nikapitisha mguu juu ya fremu baiskeli ikiwa bado inakwenda, pedeli ikanasa kwenye mti, nikala mwereka kando ya njia, kwenye mkonge wenyewe. Mwiba wa ncha ya jani uliingia pajani, na hiyo rimu uliyoiona kwenye picha ikakunjwa hapo. Nilimaliza kwa miguu, baiskeli begani, wa kumi na moja. Walionifuata nyuma ni watatu, na wawili kati yao walipata pancha, kwa hiyo usinisifu.

Fundi wa barabara ya 12 anasema spoku saba zibadilishwe na rimu ataijaribu kuinyoosha. Nalipa mimi. Ila usiniambie niirudishe stoo, kaka. Vuli ijayo si mbali.

Jumatatu yake, saa kumi na mbili asubuhi, nikasikia kengele nje. Nikatoka na kikombe cha chai, nachechemea. Muuza maziwa anakuja, madumu mawili ubavuni, na kabla Phoenix haijasimama mguu wa kulia ulishapita juu ya fremu, anatembea kando yake kana kwamba hakuwahi kuipanda. Akampimia Shangazi lita moja. Nikamuuliza, hizi nyumba kwa asubuhi moja ni ngapi? Akafikiri. "Zinafika sitini."

Nikamwomba arudi mpaka kwenye mwembe, aje tena, ashuke polepole nione. Akacheka, akafunga mfuniko wa dumu, akageuza baiskeli.