Malambo ya Karamoja yachimbwe kwa kina, si kwa upana

Mhariri,

Kila kiangazi habari za Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, huwa zilezile: malambo yamekauka, wafugaji wamehama. Lawama zote hutupiwa mvua. Ni kweli imebadilika. Msimu ni mmoja tu, Aprili hivi hadi Septemba, na siku hizi maji humwagika kwa dhoruba chache kali, kisha kukavu wiki nzima. Lakini hata yale yanayofika lamboni tunayapoteza, na hasara yenyewe inahesabika.

Chukua lambo la mita za ujazo 10,000 lenye kina cha wastani cha mita 3. Uso wake ni kama mita za mraba 3,300. Kwa jua na upepo wa Januari, milimita 6 hupaa hewani kwa siku, yaani lita 20,000 hivi. Ng'ombe mmoja hunywa kama lita 30. Basi jua limekunywa mgao wa ng'ombe zaidi ya 650 kabla kundi halijafika! Lambo la ujazo huohuo likichimbwa kwa wastani wa mita 5, uso unakuwa mita za mraba 2,000 na kinachopaa ni lita 12,000. Joto likipanda, tofauti hiyo itazidi.

Mkataba unaolipa kwa ujazo wa udongo tu humwacha mkandarasi apanue, maana juu ndiko katapila linakotembea kwa urahisi. Mkataba utaje kina. Na kabla ya kuutia saini, yachimbwe mashimo ya majaribio yanayopita kina hicho: mchanga au mwamba wenye nyufa ukikutwa chini, maji yatavuja. Hapo ama mahali pahamishwe, ama sakafu itandikwe udongo wa mfinyanzi, tabaka la sentimita 15 kwa wakati, unyunyiziwe maji na kushindiliwa mpaka ufike sentimita 60.

Adui wa pili ni tope. Dhoruba ikipita juu ya ardhi tupu huja na udongo mwingi, kwa hiyo pale maji yanapoingilia lamboni pawe na shimo la kunasia tope lenye kizingiti cha mawe, nalo lizolewe kila Machi. Shimo lisilozolewa halina kazi tena. Tope linapita moja kwa moja.

Ng'ombe wasiingie majini. Kwato hubomoa kingo na samadi huchafua maji ambayo watu nao huteka. Panahitajika uzio, pampu, na birika la kunyweshea umbali wa mita 50 hivi. Ila tuwe wakweli: pampu ikiharibika, mchungaji mwenye ng'ombe 200 wenye kiu atakata uzio, na hana kosa. Mlinzi awe na vipuri mkononi, hasa mipira ya pampu, na pawe na pampu ya pili ya mkono.

Mito ya mchanga nayo, ile inayokauka juu huku maji yakibaki chini ya mchanga, tusiisahau. Maji yakiwa sentimita 60 chini ya mchanga, jua haliyapati kwa urahisi. Ukuta wa kukinga mto ili mchanga na maji yake vibaki nyuma yake usimame juu ya mwamba, mabawa yake yaingie ndani ya kingo, la sivyo mto utauzunguka. Uinuliwe nusu mita kila msimu. Ukijengwa mrefu kwa mara moja, hujaa tope laini badala ya mchanga wa chengachenga, na tope hilo halitoi maji.

Mafundi wa maji,
Moroto