Acheni kuyasifia mashirika yanayojinyima mhasibu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika neno. Taarifa yenu ya ukurasa mzima kuhusu wakurugenzi wa mashirika ya elimu na vijana imenifanya nishindwe kunyamaza. Mliwasifu wale ambao shilingi 95 katika kila 100 zinamfikia kijana moja kwa moja na 5 tu ndizo zinabaki ofisini. Kisha mkayashauri mashirika yote yaachane na wafadhili, yaanzishe biashara za kijamii, na yajitegemee ndani ya miaka 3. Sifa za namna hiyo zinaua mashirika.

Chukueni kalamu tupige hesabu. Umoja wa Ulaya unaruhusu gharama za jumla za uendeshaji zisizozidi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja za mradi. Mradi wenye gharama za moja kwa moja za Sh200 milioni kwa mwaka unakuachia Sh14 milioni. Mhasibu wa Sh900,000 kwa mwezi anakula Sh10.8 milioni, na hapo bado hujaweka mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Zinabaki Sh3.2 milioni za pango, mlinzi, umeme, intaneti, vikao vya bodi na mkaguzi wa nje. Haitoshi. Ndiyo maana mkurugenzi anayesifiwa kwa shilingi 5 kwa kawaida hana mhasibu kabisa: vocha anaziandika mwenyewe usiku, mkataba unaozidi Sh20 milioni anachelewa kuupeleka kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ndani ya siku 10 zilizowekwa, na taarifa ya robo mwaka inamrudia kwa sababu risiti hazioani na bajeti. Mfadhili akiona hivyo anazuia awamu inayofuata. Kijana mliyemhesabia shilingi 95 anakaa miezi miwili bila mkufunzi.

Lililoniuma zaidi ni kwamba mlilisahau neno akiba, na hayo yameandikwa baada ya Januari 2025! Tarehe 20 ya mwezi huo Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye zikaja barua za kusitisha kazi mara moja. Kuna shirika moja la mkoani kwetu lililotegemea misaada hiyo, ambalo vitabu vyake navijua ukurasa kwa ukurasa, lilikuwa likisifiwa kwa lugha hiihii ya kwenu. Lilikuwa na wafanyakazi 12, wengi wao wakufunzi waliokaa miaka 6. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka aliyefanya kazi mfululizo angalau miezi 12, mwajiri akimwachisha, alipwe kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10. Juu ya hapo kuna notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kwa mkufunzi wa miaka 6 hiyo ni siku 42 bila notisi, na kwa watu 12 ni mamia ya siku za mishahara ambazo hazikuwa zimetengwa hata kwa shilingi moja. Mkurugenzi hakuiba. Kila bajeti aliyopeleka yenye mstari wa kiinua mgongo ilirudishwa na mstari umekatwa, kwa kuwa wafadhili wengi hawakubali kulipia deni ambalo halijafika. Pikipiki zilikuwepo, kompyuta zilikuwepo, lakini mali iliyonunuliwa kwa ruzuku haiuzwi bila kibali cha mfadhili, na mfadhili mwenyewe simu zake hazikupokelewa. Watu waliofundisha watoto wa wenzao kwa miaka 6 waliondoka na barua mkononi, bila malipo. Kutenga kama Sh23 katika kila Sh1,000 ya mshahara wa msingi kila mwezi kungetosha kiinua mgongo hicho. Fedha hizo zinatoka kwenye fungu lilelile la uendeshaji ambalo nyinyi mnataka lipungue.

Sasa hizo biashara za kijamii. Chukueni karakana ya kushona sare za shule, maana ndiyo inayopendwa zaidi. Wazazi hununua Desemba na Januari. Ili uwe na mzigo Desemba, majora ya tetroni yanunuliwe Septemba au Oktoba, kwa fedha taslimu. Ruzuku nyingi haziruhusu mtaji wa kununua bidhaa za kuuza, hivyo fedha za majora hazipo. Ukikopa, unauza kwa faida ndogo. Ukiuza kwa shule au halmashauri kwa mkopo, unalipwa baada ya miezi, na msimu umepita. Fundi anayefundisha saa 5 kati ya 8 anabaki na saa 3 za kuzalisha, wakati jirani yake mwenye duka ana saa zote 8. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anaharibu kitambaa, na ni lazima aharibu, vinginevyo hajifunzi kukata. Tena wafadhili wengine wakiona mauzo wanayapunguza kwenye ruzuku. Wenye uzoefu huweka vitabu viwili: kimoja cha mafunzo, kinacholipiwa na ada au ruzuku, na kimoja cha mauzo, chenye akaunti yake ya benki. Wakivichanganya, baada ya mwaka hakuna anayejua kama karakana inapata au inakula. Kusajili kampuni pembeni kunasaidia, lakini kampuni inalipa kodi ya mapato ya asilimia 30 ya faida kama kampuni nyingine, na shirika lenyewe halisamehewi kodi kwa kuwa tu lina cheti cha usajili. Hadhi ya hisani inaombwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Miaka 3 mliipata wapi?

Na kwa kuwa tumefika kwenye ushonaji, naomba mpunguze zile picha za vyerehani vimepangwa mstari mbele ya mgeni rasmi. Cherehani cha miguu peke yake hakishoni shati la shule la kuuzika. Panahitajika overloki ili mishono isifumuke, mashine ya matundu ya vifungo au fundi jirani wa kumlipa kwa kila tundu, pasi, meza ya kukatia, mkasi mzuri, na fedha ya jora la kwanza. Kijana anayepewa cherehani kitupu anakiuza, na mnakuja kuandika kuwa vijana hawathamini misaada.

Ninaloomba ni hili. Kila mnapomwandika mkurugenzi wa shirika la vijana, chapeni pembeni kijisanduku chenye majibu yake manne. Shirika lina akiba ya kuliendesha siku ngapi bila ruzuku mpya? Kiinua mgongo cha wafanyakazi kimetengwa kiasi gani, na kwenye akaunti ipi? Kati ya vijana waliohitimu mwaka jana, wangapi wamepigiwa simu baada ya miezi 12 na wakakutwa bado wana kazi? La nne ndilo muhimu kuliko yote: je, mwaka jana alichukua likizo yake ya siku 28 kwa mkupuo, simu ikiwa imezimwa, na mishahara ikalipwa tarehe ileile? Asiyeweza kuondoka siku 28 hajajenga shirika bado, na habari yake isubiri hadi aweze.

Wako,
Mtunza vitabu vya mashirika,
Morogoro