Mbunge si mlipa karo: barua ya wazi kwa vijana mnaowania viti

Wanangu mnaojitayarisha kuwania uwakilishi wadi na ubunge mwaka 2027,

Salamu nyingi, na hongera kwa kujitokeza. Nimezisikiliza ahadi zenu mikutanoni. Karibu zote zinafanana: nitajenga madarasa, nitachimba kisima, nitaongeza basari, nitaweka taa sokoni. Sijamsikia hata mmoja akisema atamhoji gavana, wala kwamba ataisoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Hilo limeninyima raha, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kazi mnazoahidi si za viti mnavyovitaka. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 95, inampa mbunge kazi ya kutunga sheria, kuamua mgao wa fedha za umma, kusimamia matumizi yake, na kuchunguza mwenendo wa Rais na maafisa wengine wa dola. Mwakilishi wadi naye, kwa kifungu cha 185, hutunga sheria za kaunti na kumsimamia gavana na wenzake. Kujenga ni kazi ya serikali, ya kitaifa au ya kaunti. Kuamua nani amevunja sheria ni kazi ya mahakama.

Kabla ya kaunti kuja, nilikuwa karani wa hesabu katika baraza la mji. Vocha moja ya malipo ilipita mikono kadhaa. Aliyeomba bidhaa alitia sahihi, aliyeidhinisha akatia yake, aliyeandika hundi akatia yake. Mwisho wa mwezi, anayelinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki alikuwa mtu mwingine kabisa, ambaye hakugusa hundi hata moja. Mwenzetu akienda likizo na mtu mmoja akashika kazi mbili, hapo ndipo mahesabu yalipoanza kukataa kulingana. Si lazima mtu huyo awe mwizi. Hata mwaminifu halioni kosa lake mwenyewe. Mgawanyo wa madaraka katika nchi ni utaratibu huohuo.

Sasa tazameni tulikofika. Mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ule tunaouita CDF, ulianzishwa kwa sheria mwaka 2003 ukitengewa asilimia 2.5 ya mapato ya serikali. Mbunge akapata usemi katika kuutumia, na wakati huohuo ni yeye anayeketi Bungeni kupokea ripoti za ukaguzi. Tarehe 8 Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba sheria ya CDF ya mwaka 2013 inakiuka Katiba, likiwemo suala hili hili la mgawanyo wa madaraka. Ilikuwa siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, kwa hiyo wengi wenu hamkuusikia uamuzi wenyewe. Wabunge walikuwa wameshatunga sheria mpya ya 2015, na mfuko ukaendelea kwa jina refu zaidi. Mnamo 20 Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema hata hiyo ya 2015 ni kinyume cha Katiba, na ikataka mfuko ukome ifikapo 30 Juni 2026. Bunge la Taifa likajibu vipi? Julai 2025 likapitisha mswada wa kuibadili Katiba ili mfuko upate makao ndani yake.

Jambo hili si letu peke yetu. Tanzania ina Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo tangu 2009, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Ufilipino ilikuwa na mfuko kama huo uliokuwa mikononi mwa wabunge na maseneta. Mwaka 2013 ikafichuka kwamba fedha zimekuwa zikipitishwa kwa mashirika ya kubuni, yaliyokuwapo kwenye makaratasi tu. Wananchi wakafurika katika uwanja wa Luneta, Manila, mwezi Agosti, na Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaufuta mfuko. Sababu yake kubwa ilikuwa kwamba mtunga sheria akishapitisha bajeti, hana ruhusa ya kuifuata mpaka kwenye matumizi.

Lazima niseme pia kwamba India iliamua tofauti. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya huko iliuacha mfuko wa wabunge uendelee, kwa hoja kwamba mbunge hupendekeza tu mradi, na maafisa wa wilaya ndio wanaoutekeleza. Nauheshimu uamuzi huo lakini haunishawishi. Darasa linapoandikwa jina la mheshimiwa ukutani na picha yake ikabandikwa langoni, ni mwanakijiji gani atakayeamini kwamba yeye alipendekeza tu?

Mtaniambia, mzee, watu wana shida ya karo. Najua. Nimewaona akina mama wamepanga foleni Jumamosi asubuhi nje ya ofisi ya mbunge, fomu ya basari mkononi ikiwa na muhuri wa chifu na wa mwalimu mkuu, mtoto ameketi juu ya sanduku la shule kwa sababu amerudishwa nyumbani. Watoto wengi wamemaliza masomo kwa fedha hizo, na sitaki mtoto hata mmoja azikose. Ninachosema ni kwamba fedha hizo ni za mama yule tangu mwanzo. Zinaweza kumfikia kupitia wizara ya elimu, kwa kigezo kimoja nchi nzima, bila kumpitisha mlangoni kwa mwanasiasa. Anapozipokea kutoka kwa mheshimiwa, anaondoka na deni la shukrani. Jumatatu atamuuliza vipi mheshimiwa huyohuyo kwa nini zahanati haina dawa? Kifungu cha kwanza cha Katiba kinasema mamlaka yote makuu ni ya wananchi, na sisi tumemgeuza mwenye mamlaka kuwa mwombaji. Hilo ndilo linaloniuma.

Na wawakilishi wadi msidhani mmepona. Februari 2021, mabunge ya kaunti zaidi ya 40 yaliupitisha mswada wa BBI, ule wa Mpango wa Maridhiano uliotaka kuibadili Katiba. Ndani yake mlikuwa na mfuko wa maendeleo wa wadi, na majuma yaleyale mkopo wa gari wa wawakilishi uligeuzwa kuwa ruzuku ya shilingi milioni mbili kwa kila mmoja. Katika kaunti kadhaa mswada ulipita kwa muda mfupi mno, ilhali unagusa Katiba nzima. Ni mahakama zilizousimamisha, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaufungia mlango.

Ninyi hamkuwapo mwaka 1986 Bunge letu lilipoondoa ulinzi wa kazi wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na 1988 wa majaji. Bunge hilo la 1988 lilitokana na kura ya mlolongo, ya kupanga foleni nyuma ya mgombea. Nilikuwa ofisini wakati huo, na nawaambia kwamba mkaguzi anayeweza kufutwa kwa neno la mtu mmoja huandika ripoti tofauti. Ulinzi huo ulirudishwa 1990, na leo upo. Tumieni kilichopo.

Kwa hiyo, kabla ya kuchapisha bango lingine, tafuteni ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuhusu kaunti yetu. Kifungu cha 229 kinalipatia bunge miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Ulizeni ya mwaka jana ilijadiliwa siku gani, na nani alisimama kuzungumza. Waraka wa mikakati ya fedha wa kaunti hufikishwa bungeni kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Nendeni mkae kwenye vikao vya kukusanya maoni, mwandike majina ya miradi, kisha mkaitazame kwa macho yenu. Mkinyimwa nakala, andikeni barua ya kuiomba mkitaja kifungu cha 35, cha haki ya raia kupata habari.

Wasiojua kusoma vitabu vya bajeti waje kwangu Jumamosi yoyote baada ya alasiri. Tutaanzia na safu ya fedha zilizotumika, tuilinganishe na ile ya zilizoidhinishwa.

Ni mimi mzee wenu,
karani mstaafu wa hesabu.