Harambee ya paa la chumba cha kumbukumbu cha shule yetu, Mbuyuni

Wazazi wetu, wanafunzi wa zamani, majirani wa hapa Mbuyuni na ninyi mlioko mbali, tunawasalimu kwa heshima.

Hatukutaka kuwarudia mapema hivi. Madawati mliyotununulia mwaka juzi bado ni imara, na kunyoosha mkono tena kunatutia haya. Lakini wiki jana mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi tukamkuta msichana wa kidato cha pili amepiga magoti sakafuni, akibandua kurasa za daftari moja moja kwa ncha ya rula. Wino ulikuwa umekwisha kuchuruzika. Ndimo alimoandika aliyosimuliwa na babu yake kuhusu "ndege Ulaya" zilizotua hapa kwetu.

Na zilitua kweli. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kikosi cha 26 cha Royal Flying Corps, jeshi la anga la Uingereza la wakati ule, kilipiga kambi Mbuyuni na ndege zake aina ya BE2c, za mbao na kitambaa. Wengi walikuwa vijana kutoka Afrika Kusini. Wajerumani ng'ambo ya Taveta hawakuwa na ndege za kuwakabili angani. Kilichowaandama ni injini kuzima juu ya pori, risasi kutoka chini, na malaria na kuhara damu kambini. Rubani aliyeanguka akapona, bado alikuwa na pori la kuvuka kwa miguu.

Ulaya hali ilitisha zaidi. Aprili 1917, kwenye mapigano ya Arras, Ufaransa, Waingereza walipoteza ndege 245 kwa mwezi mmoja, na zaidi ya wanajeshi wa anga 200 wakafa au wakatoweka. Marubani hao hawakupewa parachuti! Leo Arras kuna mnara wenye majina karibu 1,000 ya wanajeshi wa anga wasio na kaburi linalojulikana.

Watoto wetu walipojifunza hayo wakauliza: na wapagazi wa Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza), waliokufa wakibeba mizigo ya vita hivyo hivyo, majina yao yamechongwa wapi? Mwalimu hakuwa na la kuwajibu. Ndipo wakaanza kwenda kwa wazee na madaftari.

Tunaomba shilingi 186,000: mabati 48, mbao, misumari, gata, ujira wa fundi na kabati moja la chuma. Kila mchango utapewa risiti, na hesabu zitabandikwa ubaoni ofisini. Mlioahidi harambee iliyopita, ahadi zenu bado zimo kitabuni. Hatujazifuta, maana tunawaamini. Mungu aliyewajalia awaongezee.

Tukutane uwanjani Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Asiyeweza kufika amtumie mweka hazina. Masika hayajaisha, na madaftari kwa sasa yamelazwa kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda cha mwalimu.

Kamati ya harambee