Vigingi vya waya havifai mchangani

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wanaopanga kupiga kambi ufukweni, Tanga hadi Pangani, kwa fedha kidogo.

Hema la bei rahisi halina ubaya. Ubaya ni vigingi vyake. Vile vya waya havishiki mchanga, na kusi ikivuma vinang'oka vyote. Beba viroba vinne vitupu, vijaze mchanga, kila kimoja kifunge kamba ya hema na kukifukia kina cha sentimita 40 hivi. Hapo hema halihami.

Usilale chini ya mstari wa mwani mkavu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hufika hapo na pengine kupita. Wala usilale chini ya mnazi; nazi haipigi hodi.

Turubai la kutandika chini kingo zake zikunjwe zifichike chini ya hema. Zikichomoza hukinga mvua na kuileta mgongoni kwako. Maji ya kunywa na kupikia, lita 5 kwa mtu kwa siku.

Jiko la mkaa lisiingie hemani, hata makaa yakiwa yamefifia: sumu yake haina harufu, na inaua.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga