Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi: Jeni na Ukoo wa Vimelea

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kujumuika nasi. Mwaka huu klabu yetu imeshughulika na jambo moja tu: jinsi mfuatano wa vinasaba, yaani mpangilio wa herufi za DNA, unavyotumika kuainisha vimelea vya seli moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mezani mbele yako ipo michoro miwili ya amiba. Kila mmoja unaonyesha kifuko cha mviringo chenye viini vinne. Wa kwanza ni Entamoeba histolytica, kimelea kinachochimba ukuta wa utumbo, kikaleta kuhara damu na hata jipu la ini. Wa pili ni Entamoeba dispar, ambacho hukaa tumboni bila kumdhuru mwenyeji wake. Usijisumbue kutafuta tofauti, kwani hata mtaalamu mwenye hadubini nzuri haioni kwenye vifuko hivyo. Mtaalamu wa vimelea Mfaransa, Émile Brumpt, alisema tangu 1925 kwamba hizi ni spishi mbili, lakini wengi hawakumkubalia. Ilipofika 1993, ushahidi wa vinasaba na wa protini ulikuwa umempa haki yake, na spishi hizo zikatenganishwa rasmi. Kwetu sisi huu si ubishi wa majina: mwenye histolytica anahitaji dawa, mwenye dispar hahitaji.

Malaria nayo ina kisa chake. Huko Kapit, Sarawak, nchini Malaysia, wagonjwa wengi walisomwa kwenye hadubini kuwa na Plasmodium malariae, ingawa baadhi yao walikuwa na vimelea vingi kuliko ilivyo kawaida ya spishi hiyo. Mtafiti Balbir Singh na wenzake wakapima jeni ya ribosomu (kiwanda cha protini ndani ya seli), na mwaka 2004 wakatangaza kwamba kati ya wagonjwa 208 wa malaria, 120 walikuwa na Plasmodium knowlesi, malaria ya nyani. Hiki huzaliana kila baada ya saa 24, ilhali malariae huchukua saa 72. Mgonjwa anaweza kuzidiwa haraka huku cheti cha maabara kikisema ana malaria ya taratibu. Kwa maoni yetu, hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi thamani ya kazi hii kuliko huo.

Pneumocystis pia, kimelea cha mapafu iliyodhaniwa kwa miaka mingi kuwa protozoa (kundi la amiba na vimelea vya malaria), mwaka 1988 ilibainika kuwa fangasi.

Hata hivyo, jeni moja haitoshi. Mikrosporidia, vimelea vidogo vinavyoishi ndani ya seli za viumbe wengine, ziliwekwa kwanza chini kabisa ya mti wa viumbe wenye kiini, kwa sababu jeni zao za ribosomu zimebadilika upesi mno. Jeni nyingine zilipochunguzwa, mikrosporidia zikaonekana kuwa jamaa wa karibu wa fangasi. Ndiyo maana tunajifunza kulinganisha jeni kadhaa kabla ya kuchora ukoo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mifuatano hii imehifadhiwa kwenye GenBank, hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya vinasaba, na mtu yeyote huisoma bila malipo. Tunachokosa ni kompyuta zenye uwezo na intaneti isiyokatika. Tunakuomba utusaidie kuvipata, na utuunganishe na maabara itakayotupokea tukaone kipimo cha PCR, kinachonakili kipande cha DNA mara nyingi ili kitambulike, kikifanyika kuanzia sampuli hadi jibu.

Tunaomba kuwasilisha.